Vyeti Viwili Chini ya Makumbi

Bagamoyo, alasiri, kesho ndiyo safari

Mwanangu Omari,

Salamu tumekwisha kupeana asubuhi, kwa hiyo nazipita. Naandika kwa herufi za Kiarabu kwa kuwa ndizo nilizofundishwa, na wewe uliyenisomea juzuu nzima ukiwa huna meno ya mbele hutashindwa na mwandiko wa mama yako. Mambo ya kuvaa sweta melini na kutokula ovyo njiani dada yako Sauda amekuimbia wiki nzima, sina la kuongeza. Mie nina jambo moja tu. Tangu asubuhi nikikaa nasimama, nikisimama nakaa, wino umekwisha kunimwagikia kanga, na kanga yenyewe mpya.

Cheti chako cha darasa la kumi na mbili hakijapotea. Nilikificha mimi.

Haya, nimesema. Usiitupe karatasi hii, Omari. Isome mpaka mwisho, halafu useme utakalo.

Siku nne hizi umeipindua nyumba juu chini. Umefumua godoro, umemwaga mchele wa mtungini, umewatuhumu panya, umewatuhumu hata watoto wa Sauda, maskini wa Mungu. Cheti ulinipa mwenyewe nikutunzie kashani. Ukaja Jumamosi kukitaka, nikakutazama machoni nikakuambia, "Si nilikurudishia juzi?" Ukakunja uso, ukafikiri, ukaniamini. Mama yako anasema amekurudishia, utabishaje? Leo asubuhi ukaketi kizingitini, kichwa mikononi, ukasema, "Nimezembea, mama." Neno hilo, Omari, nililisikia zamani kwa mtu mwingine, na nitakuambia ni nani. Likaniingia kama sindano ya magunia. Kisha ukachukua baiskeli ya shemeji yako ukaenda Kerege kumwomba mwalimu wako wa zamani barua ya ushahidi, na sote wawili tunajua chuo kimeandika wazi, njoo na cheti chenyewe. Mie nikasimama mlangoni nikakuombea dua. "Nenda, mwanangu, Mungu atakionyesha." Astaghfirullah! Mdomo huu.

Ningekuwa nacho mkononi ningekukimbilia, hata Zinga ningekufikia. Sinacho. Kimo ndani ya kopo la biskuti, na kopo limo katika shimo langu la makumbi kule pwani, chini ya maganda ya nazi mia mbili, na maji yamejaa. Ni lile shimo la tatu kutoka kwenye mawe meusi, lenye kijiti cha mkoko nilichokifunga kitambaa. Unajua mwenyewe desturi yetu. Makumbi hukaa humo miezi sita yakaoza yakalainika, tukayatoa tukayapiga tukapata nyuzi za kusokotea kamba, na muda wote huo hakuna mwanamke wa mji huu anayegusa shimo la mwenzake. Kijiti kikisimama, shimo liko salama kuliko sanduku la fedha la serikali pale Boma. Ndiyo maana nilikipeleka huko. Maji yakipwa nitakwenda kukifukua. Mpaka hapo nakuandikia, maana nisipoandika nitapasuka.

Utauliza nilikuwa na akili gani. Nitakuambia, ingawa sasa nikiyaandika hayaonekani akili.

Wiki mbili zilizopita nilipeleka kamba zangu ghalani kwa Bwana Ratansi, kama kila mwezi. Akaagiza niletewe chai. Nikajua ana lake, maana mtu huyu kwa kawaida hukupa kiti akakusahau.

"Mama Omari," akaniambia, "kijana wako mlete. Mwandiko wake nimeuona, hesabu anajua, Kiingereza anajua. Nampa meza, karibu na dirisha."

Nikamwambia mwanangu amepata nafasi chuo kikuu, Uganda, atarudi na digrii. Akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Akirudi na digrii mimi simtaki. Namtaka sasa. Mwaka jana alinijia mmoja katoka hukohuko. Nikamwambia panda juu ya magunia ukayahesabu. Akaniuliza, mwenye kazi hiyo yuko wapi?"

"Labda hakuwa na adabu huyo."

"Adabu anayo, tena tele. Lakini mimi nataka karani, na chuo kinaniletea bwana mkubwa. Sasa nimweke wapi? Nimkalishe kiti changu?"

"Serikali itamchukua," nikasema.

"Itamchukua, ndiyo. Itamweka chini ya kijana wa Kizungu asiyefika nusu ya masomo yake. Muulize atakavyolala."

Nikaondoka, chai sikuimaliza. Na kama hilo halikutosha, jioni ile nikamkuta mjomba wako Hamisi amekuja kutusalimia, naye kama unavyomjua, ubaharia wake wa meli za moshi umemfanya hana mji asioufahamu. Nikamweleza maneno ya Ratansi, nikitumaini atayapinga. Hata!

"Dada, huyo Mhindi wako hajaongopa," akasema. "Bombay nimeona kwa macho haya. Kazi moja ya karani bandarini, waombaji hawana idadi, wote wamesoma, bahasha kwapani, jua la kichwa. Akatoka bwana mmoja mnene. Hakufungua bahasha hata moja. Anauliza tu, chuo gani? Wa chuo hiki kaeni huku, wa chuo kile nendeni nyumbani. Kwisha."

"Na huko Ulaya?"

"Ulaya nimemwona kijana wa Afrika Magharibi, msomi wa sheria huyo, anaosha sahani mkahawani. Nikamuuliza mwenye mkahawa, huyu si wakili? Akanijibu, chuo chake sikijui mimi. Ndivyo dunia nzima, dada. Mwenye kazi hana haja na unachokijua. Anataka kusikia jina la shule analolijua yeye."

Akatema tambuu akaomba wali. Kwake ni masimulizi ya safari. Mie nikalala nakuona wewe umesimama kwenye ule mstari wa Bombay, shati lako limelowa jasho, na bwana mnene anakupita.

Asubuhi yake maji yalikuwa yamepwa. Nikatia cheti koponi, nikazungushia nta kwenye kifuniko, nikaenda nacho shimoni. Nilijiambia ni siku chache tu. Garimoshi la Dar es Salaam likishaondoka nitakifukua, nitasema nimekiona nyuma ya kasha, na wewe utakuwa umekwisha kukaa kwenye meza ya dirishani, Ijumaa unakula kwangu. Hofu ilikuwapo, sikatai. Lakini chini ya hofu kulikuwa na jingine, nalo nitalisema wazi: sikutaka uende. Baba yako hayupo, Sauda ana mume wake, na mie nimezoea kusikia kikohozi chako chumba cha pili.

Nimetoka kuchungulia. Maji bado. Yamefika kwenye mawe yamekaa, kama yananikomoa.

Sasa la baba yako. Hili hata Sauda halijui.

Baba yako alisoma shule ya Mjerumani hapa hapa mjini, akamaliza akapewa cheti. Ungekiona! Karatasi nene, maandishi yamesimama kama askari, na chini muhuri wa lakiri, ile nta nyekundu ngumu, wenye ndege mabawa wazi. Alipokuja kuniposa mjomba zake walikitia cheti kile kwenye sinia pamoja na tambuu na vitambaa, wakapita nacho mtaa mzima. Watu wakasema Mwanakombo kaolewa na Boma. Wallahi nilitembea nimeinua shingo.

Ikaja vita, Mjerumani akaondoka, akaja Mwingereza. Baba yako akavaa kanzu nyeupe akaenda Boma na cheti chake. Yule bwana mpya akakigeuza, akakigeuza tena, akamrudishia kwa ncha za vidole. Kiingereza unajua? Hajui. Basi. Akaenda forodhani, kule kule. Akaenda Dar es Salaam kwa miguu, akalala Mapinga, akarudi hivyo hivyo. Kichwa kilekile kilichokuwa kikiwaandikia Wajerumani barua, Omari, kwa siku moja kikawa hakijui kitu. Hakuna kilichobadilika kwake. Aliyebadilika ni mwenye kuuliza.

Ningemhurumia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja tu, sikumhurumia. Nilichoka. Kila Jumatatu anakitoa cheti, anakifuta kwa kitambaa, anakwenda kuzungushwa, anarudi, anakifuta tena. Ukimwambia Salum, kule mashamba ya chumvi wanataka watu, anakuambia, "Mimi mtu wa cheti, Mwanakombo." Sauda yuko mgongoni analia, nimeshinda napiga makumbi ya watu mpaka mikono imevimba, na mtu wa cheti amekaa barazani ananyoosha karatasi! Siku moja wivu ukanishika, ndiyo, wivu, kama mtu anavyomwonea wivu mke mwenza. Nikakiviringisha ndani ya upande wa kanga nikakifukia shimoni pamoja na makumbi. Sikutia hata koponi. Nilitaka kioze.

Akakitafuta kama ulivyotafuta wewe. Alifumua godoro lilelile. Mwisho akaona alikiangusha njia ya Zinga siku ya mvua. Nami nikamwachia aone hivyo.

Na lililoniponza zaidi ni kwamba mambo yalitengenea. Baba yako alikaa mwezi mzima barazani, halafu akaenda kwenye chumvi. Akapata rangi, akapata marafiki, akawa anacheka. Miaka mitatu minne tukaishi vizuri sana, nami moyoni najipongeza, nimemponya mume wangu. Nilijiona tabibu.

Halafu Wajerumani wakaruhusiwa kurudi kununua mashamba. Mmoja akachukua shamba la mkonge huko kaskazini, akaanza kuuliza, nani hapa anajua kusoma na kuandika Kijerumani? Mji mzima ukamtaja Salum. Baba yako akatoa kanzu yake, ilikuwa imeanza manjano kwenye mikunjo, akaenda. Alirudi jioni anaongea peke yake njiani. Meneja alimsemesha Kijerumani, akamjibu, yule Mzungu akapiga meza kwa furaha akamwita mkewe aje asikie. Kazi ya karani mkuu, nyumba ya mawe, kila kitu. "Kesho niletee cheti chako tu," akamwambia. "Mwenye shamba yuko Ulaya, anataka kila karani awe na cheti ndani ya faili."

Nilikuwa nachuja tui. Nakumbuka kifumbu kilinianguka.

Alifumua godoro mara ya pili. Shule ilikwisha kufungwa, waalimu wake wamekufa au wametawanyika, hapakuwa na wa kumwandikia kingine. Alirudi kwa meneja akamwambia ukweli, kimepotea. Meneja alisikitika kweli, lakini hakuwa na la kufanya. Karani mkuu akawa mtu mmoja aliyetokea Tanga, mwenye cheti safi chenye lakiri yake, ambaye Kijerumani chake, baba yako alikuwa akisema, kilikuwa kama cha kasuku. Baba yako akapewa kazi chini yake. Barua zote za shamba aliziandika baba yako, na yule mtu wa Tanga akazitia sahihi, mpaka vita vya pili vilipowaondoa Wajerumani tena.

Na nilipofukua shimo lile wakati wake, zamani, kabla ya yote hayo, karatasi haikuwapo. Hata uzi wa kanga haukuwapo. Palikuwa na pande la lakiri tu, dogo kama kokwa ya tende, na bawa moja la ndege bado linaonekana. Nililiweka kwenye kijaluba changu cha udi. Miaka yote hiyo aliponiona nimefungua kijaluba hakuwahi kuuliza mna nini.

Alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho, wewe ukiwa darasa la pili, alinishika mkono akaniambia, "Omari akipata cheti kitunze wewe. Asije akazembea kama nilivyozembea mimi." Ndipo nilipolisikia neno hilo. Na mie badala ya kusema, nikampangusa jasho. Nilikuwa na siku tisa za kusema. Nilizihesabu baadaye. Akafa akijiona mzembe.

Sasa unaelewa kwa nini leo asubuhi, ulipolisema pale kizingitini, nilikimbilia jikoni.

Ngoja, nimesikia mtu uani.

Ni Tatu, msokotaji wangu. Amekuja kuniambia maji yameanza kuacha vijiti vya mbele, vyetu bado. Nimemwambia kila kitu. Alikuwa amekaa anapiga makumbi, akasimamisha rungu hewani. "Mama Omari! Wewe?" Halafu akasema anachosema kila mtu mwenye huruma. "Basi kifukue, mwekee kitandani, mwambie umekiona nyuma ya kasha. Yaishe. Mtoto asafiri na moyo mweupe."

Nimemwambia nitafikiri. Na nikifikiri nakumbuka jinsi nilivyompata huyu Tatu, na hili nikuandikie pia, maana umetaka siku nyingi kujua wenye kazi wana nini vichwani. Muulize mama yako. Usicheke. Nina wanawake kumi na mmoja wanaopiga makumbi na kusokota uani kwangu; kama mie si mwenye kazi, nani basi?

Tatu alinijia miaka ile wewe unatambaa, katokea mashambani ndani ya Kerege, mguu una vumbi jekundu. Shikamoo, marahaba. Naomba kazi ya kusokota. Nikamuuliza swali ambalo niliulizwa mie, na mama yangu aliulizwa. "Nani kakufundisha?" Maana hapa kwetu palikuwa na bibi mmoja fundi, na aliyetoka mkononi kwake tulimchukua tumefumba macho. Tatu akasema kafundishwa na shangazi yake, Mkwere, kusokota kwa ukindu. Nikamwambia basi sokota nione. Akakunja kanga akaanza kusokotea pajani. Sisi husokota kwa viganja! Wanawake wakacheka, mie nikacheka kuliko wote. Nikamwambia nenda, mwanangu, pwani si shamba.

Mwaka mzima baadaye Bwana Ratansi akaniita. Kashika bunda moja la kamba, analivuta, analinusa. "Mama Omari, hii nani kasokota? Niletee kama hii tu." Nikarudi nayo uani nimefura kwa fahari, namuuliza yule niliyempokea bunda lile, mwanafunzi wa yule bibi fundi, wa mkono wenyewe. Akaanza kutafuna ncha ya kanga. Kumbe alikuwa amechoka kusokota, akawa anampelekea nyuzi Tatu kule kwake, Tatu anasokota pajani, yeye ananiletea kama zake. Mwaka mzima nimenunua mkono niliokuwa nimeufukuza! Nilitaka ardhi inimeze. Nilikwenda Kerege kwa miguu kumwomba, na Tatu, kwa kuwa ana ulimi, akaniuliza, "Na wewe nani kakufundisha kuajiri?"

Kwa hiyo nakuambia nikiwa upande ule mwingine wa meza. Tunapouliza umesoma wapi, mara nyingi tumechoka tu. Kumtazama mtu mpaka ukajua anaweza nini ni kazi, na inachukua siku, na siku hizo tunaona hatuna. Kwa hiyo tunashika jina la shule, kama mtu anayeshika ukuta gizani. Ratansi amekutana na msomi mmoja aliyekataa kupanda magunia, basi ameshajua chuo kizima. Nami nilishajua Wakwere wote. Si kwamba tuna roho mbaya. Wala si kwamba tuna akili.

Maji. Nakwenda.

Nimerudi. Vidole vimechunika, utaona mwandiko umeharibika. Magharibi imeadhiniwa nikiwa njiani, nimeswali na tope miguuni, Mungu anisamehe.

Tatu alikwenda nami. Tulianza kutoa makumbi kabla maji hayajaisha shimoni, tukachimba kwa mikono. Nilidhani nimekiweka upande wa mawe, hakikuwapo. Omari, nilipiga ukelele, watu waliokuwa mbali wakageuka. Nikasema Mungu ameniadhibu, amekipeleka. Tatu ananiambia tulia, tulia mama, kumbuka ulisimama wapi. Nilikuwa nimesahau hata nilisimama wapi! Wakati wa baba yako nilitaka kioze, leo nimepiga magoti matopeni nakiita kwa jina kama mtu. Mwisho kidole cha Tatu kikagonga bati.

Nta ilishika, isipokuwa mahali pamoja. Tone liliingia. Kona ya chini imepata doa la kahawia, kubwa kama ukucha. Jina lako zima, alama zako nzima, sahihi nzima. Lakini kinanuka, mwanangu. Unaijua harufu ya makumbi yaliyokaa, haitoki hata ukifua mara tatu. Nimekianika juu ya kawa karibu na jiko, nimekifukizia udi, sasa kinanuka makumbi na udi.

Njiani Tatu alinishika mkono akarudia yaleyale. "Cheti kitandani, barua jikoni. Nani atajua?" Nami nilifika jikoni nayo hii barua. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri. Nikasimama hapo. Ningeichoma, usiku huu ungenikumbatia kwa furaha, ungenisifu kwa kukiona, kesho ungepunga mkono kwenye gari mpaka usionekane. Na ungekwenda mpaka Uganda ukijiona mzembe. Kila utakapopoteza kalamu ungesema, mimi ndivyo nilivyo, hata cheti nilikipoteza. Baba yako alikuwa hivyo. Mtu aliyekuwa akikumbuka barua ya shamba neno kwa neno baada ya mwaka, aliniuliza kila asubuhi kama amebeba kofia yake.

Mmoja anatosha.

Na la Ratansi nililificha pia, kwa hiyo chukua na hilo. Meza ya dirishani ipo, anakusubiri mpaka Jumatatu. Uchague wewe, mie nimeacha kuwachagulia watu. Ukienda, siwezi kukuahidi kwamba utarudi na digrii yako ukamkuta anayeitaka. Huenda wakaigeuza wakakurudishia kwa ncha za vidole. Huenda miaka mitatu baadaye haohao wakaja mbio kuitafuta. Cha baba yako hakikuwa na thamani mwaka ule nilipokifukia, na mwaka mwingine kilikuwa nyumba ya mawe, na karatasi ilikuwa ileile. Sijui, Omari. Nilijifanya najua mara mbili, na mara mbili nilichimba shimo.

Nakuwekea vitu vitatu juu ya mto wako. Cheti chako, barua hii, na hilo pande la lakiri lenye bawa moja. Ni la baba yako. Nimekaa nalo muda mrefu mno, na halikuwa langu.

Karani wa chuo akikunja pua akauliza kwa nini cheti kinanuka, usione haya. Mwambie mama yako ana watu wanaomfanyia kazi, na hiyo ndiyo harufu ya kazi yao.

Isome leo, kabla ya gari la alfajiri. Kama una hasira nipe hapahapa, usizibebe mpaka ziwani ukaja kuniandikia barua ya adabu. Piga kelele, vunja hata mtungi, umekwisha kuumwaga mchele wake. Niko uani, nasokota, sijala chochote tangu asubuhi.

Kengele ya baiskeli imelia pale kona. Ni wewe, na naona umerudi mikono mitupu.

Mama yako,
Mwanakombo